Maneno ya ajabu ya Kiingereza kwenye Scrabble: ninavyoyafunga fundo yasichomoke

Mpwa wangu alipoweka UGALI kwenye ubao wa Scrabble, huu mchezo wa kujenga maneno kwa kete za herufi zenye pointi, alinitazama kwa jicho la, haya Mjomba, kula. Alidhani nitashangaa kuona ugali umo kwenye kamusi ya Wazungu. Sikushangaa. Nilichukua Q nikaiweka juu ya ile I ya mwisho wa ugali wake, kwenye kijumba cha kuzidisha herufi mara tatu, kisha nikaweka I yangu kando ya Q, upande wa kulia. Ikawa QI ya kwenda kulia na QI ya kushuka chini. Q ni pointi 10, mara tatu ni 30, ongeza 1 ya I, ni 31. Na kwa kuwa neno limesomeka njia mbili, hiyo 31 nahesabiwa mara mbili. Kete mbili, pointi 62.

"Hiyo ni nini sasa, Mjomba?"

"Nguvu ya uhai inayopita mwilini. Ni Kichina, hutamkwa chi."

Alifungua simu akaangalia. Akaifunga.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mwembe Tayari, Mombasa. Nashona kanzu, sare za shule, na kupunguza suruali za watu walionunua mtumba bila kupima. Kiingereza changu ni cha kununulia vitambaa na kusomea risiti. Ubao huu aliuleta mpwa wangu alipofunga chuo, na mwaka wa kwanza alinichapa kila Jumamosi. Siku hizi hanichapi kirahisi, na wenzake wanaokuja naye kibarazani huniuliza nimesoma wapi. Basi nitaeleza hapa nilivyofanya, maana hakuna siri.

Kwanza toa kichwani dhana kwamba lazima ukijue Kiingereza. Kuna bwana mmoja wa New Zealand, Nigel Richards, ambaye mwaka 2015 alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa, huko Ubelgiji, na Kifaransa hakizungumzi. Alikaa na kamusi yao wiki tisa hivi akabeba maneno kichwani. Mwaka 2024 akawafuata Wahispania, akashinda na kwao. Mezani hakuna anayekuuliza utunge sentensi. Neno lipo kwenye orodha au halipo, basi.

Lakini mimi si Richards. Neno lisilo na maana kwangu ni kama uzi usiopigwa fundo, ukivuta unachomoka. Kwa hiyo kila neno nalitafutia maana, na maana hiyo naifunga kwa Kiswahili. Hapo ndipo ilipo njia yangu yote.

Jambo la pili, kabla hujakariri hata neno moja, kubalianeni mnatumia orodha gani. Mashindano ya dunia na nchi nyingi hufuata kamusi ya Collins. Marekani na Kanada wana orodha yao, fupi zaidi. Michezo mingine ya simuni hufuata ya Marekani, nawe utaweka KY ukajiona bingwa, simu ikaikataa. Maneno yote ninayoyataja hapa ni ya Collins.

Anza na ya herufi mbili

Yako 127, na karibu nusu unayajua tayari, kama ON, IN, GO na NO. Yaliyobaki ndiyo yanayoshinda mchezo, kwa sababu ndiyo yanayokuwezesha kulaza neno lako ubavuni mwa neno la mwenzako, kama nilivyofanya na ugali. Usiyasome kwa mpangilio wa A mpaka Z, utasinzia. Anza na yale yenye herufi nzito.

QI umeshaliona. ZA ni piza, vijana wa Marekani wamelikata neno wakabakisha mkia. JO ni mpenzi, kwa Waskoti. KY pia ni yao, maana yake ng'ombe wengi. XI ni herufi ya Kigiriki. XU ni sarafu ya zamani ya Vietnam. KA ni roho ya mtu kwa Wamisri wa kale, ile waliyoiwekea chakula kaburini. Nililishika hilo siku ileile, kwa kuwa mke wangu akinifunikia sahani ya usiku husema "ya mzimu hiyo."

ZO ni chotara wa ng'ombe na yaki, yule mnyama wa manyoya marefu wa milima ya Himalaya. Wazungu hawakuelewana namna ya kuliandika, basi kamusi imeyakubali yote: ZO, DZO, DSO, ZHO, DZHO. Mnyama mmoja, majina matano. Ukishikwa na Z na huna pa kuipeleka, mkumbuke.

Halafu kuna ya vokali tupu, ya kukuokoa siku umevuta A na I za kutosha duka. AA ni aina ya lava iliyokauka ikawa na makwaruzo, neno la Hawaii. Waza mtu akikanyaga lava hiyo miguu mitupu, atasema nini? AI ni mnyama mvivu wa Amerika Kusini mwenye vidole vitatu, anayening'inia mtini. OE ni kimbunga cha visiwa vya Faroe. Yakizidi hayo, kuna AIA, ambaye ni yaya wa watoto, na AALII, kichaka cha Hawaii, lenye L moja tu. Refu kuliko yote kwa vokali ni EUOUAE, herufi sita na konsonanti hakuna, limetokana na nyimbo za kanisa la zamani. Sijawahi kuliweka. Nimelikariri kwa jeuri tu.

Q yao, K yetu

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo Mswahili anapomzidi hata Mwingereza.

Mwingereza wa kawaida akivuta Q na U hana, huanza kutoka jasho. Kwake Q haitembei bila U, kama bi harusi na somo yake. Kumbe maneno mengi yenye Q isiyo na U yametoka kwenye Kiarabu, na yale ya Kiarabu sisi tumelelewa nayo. Sisi tuliyaandika kwa K, wao wakaacha Q. Basi fanya hivi: likumbuke neno la msikitini au la mahakama ya kadhi, toa K, weka Q, kisha kaangalie kamusini.

Kadhi ni QADI. Kibla ni QIBLA. Kasida ni QASIDA. Nikabu ni NIQAB. Talaka ni TALAQ. Fakiri ni FAQIR. Fikihi ni FIQH, pointi 19 kabla hujagusa kijumba chochote cha rangi, vile vya kuzidisha pointi. Wakfu ni WAQF, 19 vilevile. Soko ni SUQ. Hata miraa imo, kwa jina lake la Kiarabu, QAT, na wameruhusu KAT na KHAT pia. Nilipoyapanga haya kwenye karatasi ya kukatia nguo nilicheka peke yangu. Mpwa wangu alikuwa amekariri QAT na QI tu, miaka miwili chuoni, na shangazi yake ana kesi ya wakfu wa babu inayomfanya alitamke neno hilo kila siku ya Mungu.

Tahadhari ni moja. Kanuni hii hukuonyesha mlango tu, haikufungulii. Niliwahi kuweka WAQT nikitaka wakati, kwa kuona kama wakfu umo, wakati utakosaje? Haumo. Kwetu anayewekewa neno bandia hupinga, likionekana si neno unaziokota kete zako na zamu imekwenda. Akipinga neno halali, ni yeye anayepoteza zamu. Niliziokota kete zangu mpwa wangu akipiga makofi. Na QURAN usijaribu, ni jina mahsusi, na majina mahsusi hayaruhusiwi.

Yanayofanana na yetu na si yetu

Fungu hili ndilo linalonifurahisha kuliko yote. Kuna maneno ya orodha hiyo ambayo Mswahili akiyaona atasema, ah, hili nalijua, kumbe maana yake imekwenda Bangladesh na kurudi.

TAKA ni pesa ya Bangladesh. Sema: kwao taka ni hela. Umeshalishika. PIPA ni chura wa Amerika Kusini. LIMA ni maharage. KALI ni mmea wa pwani unaoota kwenye chumvi. KATI ni kipimo cha uzito cha Asia. PIA ni utando mwembamba unaofunika ubongo. DADA ni mtindo wa sanaa ulioanzia Zürich mwaka 1916, na BABA ni keki iliyolowekwa kwenye ramu, kwa hiyo baba wa Kizungu hafai kwa futari. SIMA, ambayo kwetu Mombasa ndiyo ugali wenyewe, kwao ni mwamba mzito wa sehemu ya chini ya ganda la dunia. Aliyewahi kula sima ya bachela haoni tofauti.

Na KAZI ni choo. Ndiyo, choo, kwa Kiingereza cha mtaani cha Uingereza. K 5, A 1, Z 10, I 1, jumla 17. Siku niliyoliweka, jirani yangu mtengeneza simu alicheka mpaka akamwaga kahawa, na tangu siku hiyo akitaka kutoka kwenda msalani hutuaga kwamba anakwenda kazini.

KAKA yumo, ni kasuku wa New Zealand. KUKU yumo, ni kome wa huko huko. Lakini hesabu kete kabla ya kushangilia. Kwenye mfuko mzima wa kete 100, K iko moja tu. K ya pili ya neno hilo lazima iwe kete tupu, ile isiyo na herufi wala pointi, na kete tupu ziko mbili tu. Kuimalizia kwa kasuku ni israfu.

Kwa nini K iwe moja? Aliyeubuni mchezo, Alfred Butts, msanifu majengo wa Marekani aliyekosa kazi miaka ya 1930, alihesabu herufi kwenye kurasa za magazeti ya Kiingereza akaona ipi hutokea sana. Ndiyo maana E ziko 12 na K moja. Angehesabu gazeti la Kiswahili, mfuko mzima ungekuwa A na K, na Q asingeijua kabisa.

Na yetu hasa

Haya hayahitaji fundo, yamekuja yamefungwa. Shida ni kukumbuka kwamba yameruhusiwa. UHURU ni halali, nalo ni dawa ya mkono uliojaa U, humaliza tatu kwa mpigo. UJAMAA humaliza A tatu na J ndani yake, pointi 15. MZEE 15, Z moja tu imembeba. JAMBO 16. KANZU 18, na mimi fundi wa kanzu nimeliweka mara mbili maishani, mara zote mikono ikinitetemeka. Wamo BWANA, ASKARI, FUNDI, DUKA, SHAMBA, PANGA, BOMA, NGOMA, KANGA ambayo huandikwa hata KHANGA, KIKOI, HARAMBEE. SIMI nayo ni ile sime ya kiunoni, wameiharibu mwisho.

Wingi wao ni wa kuongeza S, na hapo utalazimika kufumba macho. UGALIS. BWANAS. Mama yangu angesikia "ugalis" angeuliza ni ugonjwa gani. Lakini S hiyo ina faida yake: MATATU ni herufi sita, MATATUS ni saba, na ukimaliza kete zako zote saba kwa zamu moja unaongezwa pointi 50. Herufi zenyewe ni 9, jumla 59, na hapo hata kijumba cha rangi hujakanyaga. SAFARIS vivyo hivyo, ASKARIS vivyo hivyo. S ziko nne tu, hivyo usiitupe S kwa neno la pointi tano.

Ya konsonanti tupu sitakaa nayo. HM, MM, SH na PST ni sauti za mdomo. TSK ni ule mlio wa ulimi wa kusikitika. CRWTH ni ala ya nyuzi ya Wales. CWM ni bonde la mviringo mlimani lililochongwa na barafu, nalo hutamkwa kuum, kwa kuwa kwa watu wa Wales W ni vokali. Hilo lilinitia aibu, nitasema sasa hivi.

Namna ya kuyashika

Kila asubuhi kabla sijafungua milango nachagua maneno matano. Si kumi. Nayaandika kwa chaki ya fundi kwenye kipande cha nguo kilichobaki, kila neno na sentensi yake ya Kiswahili: "Kwao taka ni hela." "Zo mamake ng'ombe." Nakibandika kipande ukutani juu ya cherehani, nikikanyaga pedali macho yanapanda yenyewe. Jioni nakigeuza, natafuta kete za lile neno, nazichanganya mezani, A A F I R S S, na nijilazimishe kulijenga upya. Kulitambua neno lililoandikwa vizuri ni rahisi, kwenye mchezo litakujia limevunjika vipande. Likinishinda, linarudi ukutani kesho pamoja na mapya. Jumamosi nalipeleka ubaoni, na neno nililowahi kuliweka mezani mara moja sijalisahau tena.

Andika kwenye kipande, nasisitiza. Siku moja kipande sikukiona karibu, nikaandika CWM upande wa ndani wa kitambaa cha kanzu nilichokuwa nakikata, nikisema nitafuta. Sikufuta. Mteja alirudi Ijumaa baada ya swala, kanzu kaikunja mkononi. "Fundi, hii CWM ni kampuni gani? Si ulisema unashona mwenyewe?" Nikamwambia ni bonde la mlimani. Alinitazama kwa muda. Nikamfulia, nikampigia pasi, na pesa ya ushonaji ya kanzu nyingine nikamsamehe.

Na tafuta maneno ya ufundi wako, hayo yatakaa bila nguvu. Mimi nilipata ZARI, uzi wa dhahabu, neno lilelile tunalolitumia sisi, pointi 13. Nikapata QIVIUT, sufu laini ya ng'ombe wa barafuni kaskazini ya dunia. Nikapata FELTY, chenye kufanana na felti, ile nguo ya sufu iliyogandamizwa badala ya kufumwa. Hili la mwisho lina heshima yake. Mwaka 2015 huko Perth, Australia, Wellington Jighere wa Nigeria aliliweka kwenye mchezo wa mwisho wa fainali kwa pointi 36, akawa Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza. Nigeria wana sifa ya kupenda maneno ya urefu wa kati kama hilo, yanayofunga ubao, kuliko kufukuzia marefu kila zamu. Wewe mvuvi, tafuta ya samaki. TAI, kwa kuanzia, ni samaki wa Pasifiki.

Mwisho, jifunze kuhesabu zilizobaki. Mfuko ukikaribia kuisha, tazama ubao ujue Q imetoka au haijatoka, I zote 9 ziko wapi. Anayebaki na kete mkononi hukatwa pointi zake, na aliyemaliza huongezwa hizo hizo.

Kwetu hesabu hiyo ina kasoro. K yetu ilipotea kwenye mtaro, nikaweka badala yake kifungo cheusi cha koti, nikachora K kwa wino mweupe. Kwa hiyo K ikiwa mkononi mwa mtu, meza nzima inajua. Jumamosi iliyopita kifungo kilikuwa kwangu na mfuko ulikuwa mtupu. Mpwa wangu akakumbuka kazi, akakumbuka kanzu, akatumia zamu mbili nzima kuziba kila njia ya kuifikia Z. Hakuitazama A moja iliyokuwa peke yake chini ya kijumba cha kuzidisha herufi mara tatu. Niliweka kifungo juu yake, na A yangu ya mwisho kando. KA kwenda kulia, KA kushuka chini, 32, na kibao changu kikawa kitupu.

Yeye alikuwa amebaki na Q, na I zote zilishatoka.